Maswali ya wasomaji: Taa, mkono wa askari na makutano yanayoua

Barua nyingi za juma hili zinahusu makutano ya barabara yenye taa hapa Nairobi, nami nimeyachagua maswali ambayo majibu yake yanaweza kuokoa maisha.

Ninaishi Donholm na huingia mjini kila asubuhi. Kwa nini askari wa trafiki huongoza magari ilhali taa zinafanya kazi? Je, si msaada?

Kwa maoni yangu, ni madhara zaidi kuliko msaada. Askari aliyesimama katikati ya makutano huiona foleni iliyo mbele ya macho yake tu. Akiuachilia upande mmoja kwa dakika kadhaa mfululizo, magari hayo hufika makutano yanayofuata yakiwa mengi kuliko nafasi iliyopo, mkia wa foleni hurudi nyuma hadi kuwazibia njia wanaokatiza, na askari wa huko hulazimika kufanya vivyo hivyo. Ndivyo Uhuru Highway inavyofungana jioni kuanzia Bunyala hadi University Way.

Hata hivyo, foleni si hasara kubwa kuliko zote. Simama Kenyatta Avenue karibu na Nyayo House uyaangalie macho ya madereva. Taa inawaka kijani, askari ameinua mkono, na magari yote yametulia. Taa inageuka nyekundu, mkono unapunga, na magari yanaondoka kwa pamoja. Dereva anayefunzwa hivyo mchana kutwa hataiheshimu taa nyekundu saa tano usiku, askari akiwa amekwishaondoka, barabara ikiwa tupu na mwendo ukiwa wa kasi. Askari akae pembeni awakamate wanaovunja sheria, na aingie katikati pale tu taa zinapozimika, ajali inapotokea au ambulensi inapohitaji njia.

Mimi ni dereva wa matatu. Askari akinipungia nipite ilhali taa ni nyekundu, nimtii nani?

Mtii askari, kwa kuwa ishara yake inaishinda taa. Lakini ishara hiyo haikuondolei wajibu wa kutazama kama kuna mtu kwenye kivuko.

Je, taa ya njano inamaanisha niongeze mwendo nipite kabla ya nyekundu?

Hapana. Swali hili hurudi kila mara, na inasikitisha kwamba wanaoliuliza wana leseni mfukoni. Njano inakuamuru usimame, isipokuwa umeukaribia mstari kiasi kwamba kufunga breki ghafla kungeleta hatari.

Nauza mboga karibu na Marikiti. Taa ya waenda kwa miguu hunifikisha katikati ya barabara tu, kisha magari yanaanza kunijia. Je, ninatembea polepole mno?

Kosa si lako, mama. Wahandisi wengi huchukulia kwamba mtu hutembea mita 1.2 kwa sekunde. Barabara ya njia sita, kila njia ikiwa na upana wa mita 3.5, ina mita 21, hivyo hata mwenye miguu myepesi anahitaji karibu sekunde 18 kuimaliza. Aliyebeba gunia, anayemshika mtoto mkono au anayetembea kwa mkongojo anahitaji muda zaidi, na hao ndio wanaovuka katika mitaa yenu. Muda wa taa upangwe kwa kuwafikiria wao, si kijana anayekimbia.

Kuna mambo mengine mawili ambayo hayahitaji fedha nyingi. La kwanza ni kuwatanguliza waenda kwa miguu kwa sekunde chache kabla magari hayajaruhusiwa, ili dereva anayekata kona awakute wamekwisha kuonekana barabarani. La pili ni kuziacha taa za pande zote zikiwa nyekundu kwa muda mfupi kati ya zamu moja na nyingine. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 kwa sekunde, kwa hiyo makutano yenye upana wa mita 28 yanahitaji sekunde mbili hivi ili gari la mwisho liondoke. Takwimu za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, zimeonyesha mwaka baada ya mwaka kwamba waenda kwa miguu ndio wanaokufa kwa wingi zaidi katika barabara zetu, na sekunde hizo tunazibania kwa faida ya nani?

Nawe, hata ukipewa kijani, tazama bodaboda kwanza. Wao hujipenyeza hadi mbele ya mstari na kuondoka kabla ya zamu yao.

Naweza kukata kushoto taa ikiwa nyekundu, kama hakuna gari?

Hapana, isipokuwa mshale wa kijani umewaka.

Saa za kuhesabu sekunde zilizobaki kabla taa haijabadilika zingesaidia?

Kwa anayetembea, ndiyo. Kwa dereva nina wasiwasi, maana akiona zimebaki sekunde tatu huenda akakanyaga mafuta.

Taa za makutano yetu zimezimika. Tumwambie nani?

Barabara za jiji zimegawanywa kati ya KeNHA (mamlaka ya barabara kuu), KURA (mamlaka ya barabara za mijini) na Kaunti ya Nairobi, na wananchi wengi huchoka kwa kurushwa kutoka ofisi moja hadi nyingine. Usipojua mwenye barabara, ziandikie zote tatu, ukitaja jina la makutano, nguzo yenye hitilafu na saa uliyoiona, na uambatishe picha. Taja pia taa iliyofunikwa na matawi au bango la biashara, kwa sababu taa isiyoonekana ni sawa na iliyozimika. Hadi itengenezwe, fika hapo ukiwa na mwendo wa kuweza kusimama, hata kama njia yako ndiyo kubwa.