Kudepoze teze Lubumbashi: iache hiyo ya 2009 uliyoazimwa

Dada, umeuliza mambo mawili. Promota, yaani profesa anayekusimamia, amekuambia "sasa unaweza kudepoze" (kukabidhi rasmi teze yako ya udaktari kwenye fakulte), je, faili liwe na nini? Na ile teze ya 2009 uliyoazimwa na mwenzako, inafaa kuwa kielelezo? Naanza na la pili, maana ndilo linaloweza kukukwamisha.

Iache. Si mbaya, ila iliandikwa chini ya utaratibu mwingine. Watu wa wakati ule walipitia DEA au DES kwanza (diploma za kabla ya doktora), kisha wengi wakakaa miaka na miaka wakifundisha huku wakiandika, na kilichopimwa hasa ni kitabu chenyewe cha teze. Sheria ya elimu ya Februari 2014 iliufungulia mlango mfumo wa LMD: lisansi krediti 180, masta 120, ndipo doktora. Seminari zako, ripoti za kamati inayokusimamia na makala ulizochapisha, yote yanahesabiwa. Panda Kasapa, kwenye kampasi ya chuo, muone sekretari wa fakulte, uombe kanuni za doktora zinazotumika mwaka huu, zenye sahihi, si zile zinazozunguka WhatsApp. Idadi ya makala, idadi ya nakala, nani katika juri (jopo la watahini) atoke chuo kingine: kila fakulte ina yake. Wenzetu wa Polytechnique hawaendi kama sisi wa Sayansi za Jamii.

Makala ndizo zinazochelewesha watu. Ukurasa wa teze unaweza kuumaliza usiku umeme ukirudi, lakini makala iko mikononi mwa mhariri. Kila sura ya matokeo iandike ukijua itatoa makala, na uitume mapema. Jarida likikuandikia lenyewe, likikusifu na kukuahidi kuchapisha ndani ya wiki moja ukilipa dola, kimbia. Watu bado wanagawana orodha ya Jeffrey Beall ya majarida ya kitapeli, lakini mwenyewe aliiondoa mtandaoni Januari 2017, na matapeli wapya wengi hawamo. Tafuta jarida kwenye DOAJ (orodha ya mtandaoni ya majarida huria), hakiki ISSN, yaani namba ya utambulisho wa jarida, kisha soma makala mbili tatu walizokwisha kutoa. Ukiona zimejaa makosa, umeshapata jibu.

Sasa kitabu. Utangulizi wa kwetu unaujua: tafiti zilizotangulia, tatizo, nadharia tete, mbinu na vifaa, mipaka ya mahali na wakati, mgawanyo wa kazi. Wajumbe wa juri wanaanzia hapo, na wengine (usinitaje) wanaruka moja kwa moja hadi bibliografia kutafuta majina yao. Sehemu ya tafiti zilizotangulia isiwe foleni ya "fulani alisema, fulani naye akasema". Sema kila mmoja alipata nini na wewe unaachana naye wapi. Ukimaliza, linganisha hitimisho na utangulizi: kila nadharia tete iwe imejibiwa, hata kama jibu ni kwamba ilianguka.

Kama una mahojiano, hapa usiharakishe. Mimi nilihoji wachimbaji wadogo upande wa Kolwezi. Wao walisema Kiswahili cha kwetu, teze ni ya Kifaransa. Ndani ya matini niliweka tafsiri, na kwenye kiambatisho maneno yao kamili, kila mhojiwa na namba yake badala ya jina, tarehe na mahali. Siku ya utetezi mjumbe mmoja akadai kwamba hoja yangu kuhusu bei anayopanga negosian (mnunuzi wa madini) nimeitia chumvi. Nikamwomba afungue kiambatisho, mhojiwa E07. Akasoma kimya, akageuza ukurasa, akapita kwenye swali lingine. Kama uko Tiba au Afya ya Jamii kuna jambo zaidi: kibali cha kamati ya maadili kiwe na tarehe ya kabla ya kukusanya data. Cha baadaye hakikusaidii.

Marejeo yaweke kwenye Zotero, programu ya kupanga marejeo, kuanzia leo, mtindo mmoja tu kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukingo wa kushoto uwe mpana, la sivyo gundi ya jalada itameza maneno. Na kabla ya kupeleka flashi kwa kijana wa fotokopi, geuza kazi iwe PDF, maana kompyuta yake itakuvurugia jedwali zote.

Faili lenyewe halina uchawi: barua kwa dekano (mkuu wa fakulte), idhini ya promota kwa maandishi, ushahidi wa makala, nota (alama) zako, na risiti za benki za ada za miaka yote. Risiti, dada! Nimeona mtu mwenye teze nzuri akizunguka ofisi kutafuta karatasi ya mwaka wake wa kwanza. Kichwa cha kazi nacho kifanane neno kwa neno na kilichosajiliwa. Kama mlikibadilisha njiani, ambatisha uamuzi wa fakulte ulioukubali.

Ukishadepoze, wasomaji wanatoa ripoti zao, unasahihisha, na kwenye fakulte nyingi unatetea kwanza ndani, mlango umefungwa, ndipo utetezi wa hadharani. Mashemeji watakuuliza rangi ya kitenge cha sherehe kabla juri haijamaliza sura ya kwanza. Usilipie ukumbi mpaka barua ya tarehe iwe mkononi, hasa kama una mjumbe wa kutoka Kinshasa, kwa sababu ndege ikiahirishwa, utetezi unaahirishwa nayo.

Uko fakulte gani? Kama ni Sayansi za Jamii, niandikie pembeni nikutumie mfano wa barua ya dekano.