Sukari inashuka na niko na mimba, nile nini?

SWALI: Sista habari za kazi. Mimi niko Busia, upande wetu wa Uganda, nauza mitumba sokoni, mimba yangu ya pili imefika miezi minne. Shida ni kwamba kila ikifika saa nne saa tano hivi mikono inaanza kutetemeka, jasho jembamba linanitoka hata kama hakuna jua, moyo unaenda mbio na kichwa kinakuwa chepesi, juzi nimekaa chini katikati ya nguo wateja wakashtuka. Nikaenda kliniki wakanitoboa kidole wakasema sukari 3.1, iko chini, nikale vizuri. Basi, hawakuniambia kula vizuri ni kula nini. Asubuhi nakunywa chai ya rangi vijiko vinne vya sukari na mandazi mbili, chakula tena saa nane. Jirani anasema ninywe soda kila siku, mama mkwe anasema uji. Kisukari sina. Mtoto ataumia? – Mama kijacho, Busia

JIBU: Pole sana mama, na kuhusu mtoto toa wasiwasi kwanza. Kwa mama asiye na kisukari, sukari ikishuka hivyo kwa muda mfupi mara nyingi mtoto hapati shida, hatari ni wewe uanguke, kwenye sigiri au barabarani na hayo malori ya mpakani.

Mimba ikiwa bado changa mwili unaitikia insulini, ile homoni ya kushusha sukari, zaidi kuliko kawaida, afu mtoto naye anachukua glukosi yako, yaani sukari ya damu, usiku na mchana, kwa hiyo mjamzito akiamka hajala, kipimo cha 3.5 hivi siyo ajabu. Lakini 3.1 na jasho na kutetemeka, hiyo hatuiachi.

Sasa tuangalie chai yako. Vijiko vinne vya sukari na mandazi ya unga mweupe, hapo hakuna kitu cha kukaa tumboni, sukari inapanda haraka, kongosho linamwaga insulini ya kutosha kuishusha, na baada ya masaa matatu manne imeshaporomoka, ndo hiyo saa nne yako. Ukifuata ushauri wa jirani wa soda kila siku unarudia mchezo ule ule. Soda ni ya wakati wa kutetemeka tu: nusu glasi ya soda yenye sukari ya kweli, au vijiko vinne vidogo vya sukari kwenye maji, unakaa chini, unasubiri dakika 15, kama bado unarudia mara moja. Ukishatulia kula kitu, ndizi na karanga au yai, usiishie kwenye soda manake baada ya muda mfupi utashuka tena. Na kama umerudia na bado hujatulia, nenda ukaonwe saa hiyo hiyo.

Mama mkwe wako yuko karibu na ukweli, ila inategemea uji gani. Uji wa mahindi meupe na sukari nyingi hauna tofauti kubwa na chai yako. Uji wa wimbi (ulezi) na maziwa, au uliochanganywa odii, ile siagi ya karanga na simsim, au karanga za kusaga, huo unakaa. Asubuhi kabla ya soko kula katogo, yaani mchanganyiko wa matoke na maharage, au muhogo na maharage yaliyobaki jana, au kiazi kitamu na yai, hata roleksi, chapati iliyoviringishwa na mayai mawili, ni bora kuliko chapati kavu na chai. Halafu usisubiri mikono itetemeke, saa tatu na nusu hivi uwe umeshatia kitu mdomoni: zile karanga za kwenye karatasi, yai la kuchemsha, kipande cha parachichi. Najua biashara hairuhusu kuondoka kwenye meza, kwa hiyo beba kutoka nyumbani. Mchana posho (ugali) siyo mbaya ila iwe na mukene (dagaa) au kunde, siyo posho na mchuzi mwepesi. Na usiku ndo mwanya mrefu kuliko yote, ukila saa moja jioni ukalala mpaka alfajiri tumbo liko tupu masaa kumi na zaidi, glasi ya maziwa au uji kidogo kabla ya kulala inasaidia kweli.

Lakini mama, kabla hujabadilisha hata kikombe, rudi ukapimwe malaria na wingi wa damu. Nasema hivi kwa wajawazito wote wanaonisoma: huku kwetu kizunguzungu kisichukuliwe tu kuwa ni njaa. Malaria yenyewe inashusha sukari, na ikiwa kali inaishusha vibaya zaidi kwa mjamzito, na kwinini nayo inasukuma kongosho litoe insulini, ndo maana ile ya dripu wanaitia kwenye maji ya glukosi. Ukitundikiwa kwinini ukasikia jasho na kutetemeka, mwite nesi apime sukari, usiwaze kwamba ni homa tu.

SWALI: Sista, mke wangu ana kisukari, anajidunga insulini, mimba miezi nane. Wiki hii usiku anatoka jasho anaongea vitu havieleweki, mama yangu anamimina soda mdomoni. Ni sawa? – Baba, Arua

JIBU: Kaka, kama anaweza kumeza na anakusikia, mpe soda au maji ya sukari kidogo kidogo, afu chakula. Kama haamki au hamezi usimimine chochote, itaingia kwenye mapafu, mlaze ubavu wa kushoto, tafuta gari mumpeleke hospitali mseme mapema kwamba anatumia insulini, watampa glukosi kwenye mshipa. Na kitu kimoja kinanitia wasiwasi: miezi ya mwisho mahitaji ya insulini kwa kawaida huwa juu, sasa akianza kushuka na dozi ile ile inaweza kuwa kondo la nyuma limechoka. Msisubiri kliniki ya wiki ijayo, mpelekeni leo, wakague mtoto anavyocheza, na dozi wabadilishe madaktari, msiache insulini wenyewe.