Mwalimu wa Moshi auliza: Tuna Rufiji, umeme wa Ethiopia wa nini?

SWALI: Shikamoo Mzee. Nafundisha jiografia kidato cha tatu hapa Moshi. Tangu Rais Samia atangaze Machi 2025 mpango wa mikoa ya kaskazini kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya, wanafunzi wangu hawanipi nafasi. Wanasema bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji peke yake ni megawati 2,115, na tunaambiwa umeme umezidi, sasa kwa nini tumpelekee jirani dola zetu? Na binti mmoja kaniuliza jambo nikakosa jibu: umeme huo ukiwaka Moshi, kwenye hesabu za gesijoto za Mkataba wa Paris wa mabadiliko ya tabianchi anaandikiwa nani?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Wape hongera hao vijana. Miaka niliyofanya kazi chumba cha udhibiti wa gridi sikumbuki kama kuna mkubwa aliyewahi kuniuliza swali la huyo binti.

Nianze na waya. Umeme unaposafiri, sehemu yake hugeuka joto njiani na kupotea hewani. Mkondo ukiongezeka mara mbili, kinachopotea kinaongezeka mara nne, ndiyo maana safari ndefu inataka volti kubwa na mkondo mdogo. Sasa fungua ramani. Umeme wa Rufiji unatoka bwawani kwa kilovolti 400 hadi Chalinze, vizuri kabisa. Kutoka hapo, njia ya siku nyingi ya kuja kwenu, inayopita Hale na Same hadi kituo cha Kiyungi hapo Moshi, ni ya kilovolti 132. Ninyi mko mkiani. Jioni kila nyumba ikiwasha, volti inashuka, na sehemu ya umeme uliozalishwa kwa maji yetu inakuwa imeshapasha moto waya porini kabla hata ya kufika Same.

Upande wa pili, mwishoni mwa 2024 ilikamilika njia ya kilovolti 400 kutoka Isinya, Kenya, kupitia Arusha hadi Singida. Na Kenya nayo imeungana na Ethiopia kwa njia ya kilovolti 500 ya mkondo mnyoofu (DC, usiogeuka mwelekeo), kilomita 1,045 kutoka Wolayta Sodo hadi Suswa, na tangu Novemba 2022 inanunua kwa njia hiyo megawati 200. Kwa hiyo waya mnene umeshafika mlangoni kwenu. Hata hivyo, jirani asitufanye tusahau kujenga njia kubwa yetu wenyewe ya kupandisha umeme kaskazini. Hilo nalisema kwa uchungu, maana nimeona miradi ya njia za umeme ikilala kabatini kwa sababu tu bwawa linapendeza zaidi kwenye picha.

Lakini hata kama njia hiyo ingekuwapo leo, bado ningetaka tuungane. Sababu ni mvua.

Mwaka 2006 nilitumwa bwawa la umeme la Mtera. Kimo cha chini kabisa cha maji cha kuendeshea mitambo pale ni mita 690 juu ya usawa wa bahari. Nilisimama mbele ya kipimo cha maji, ule ubao wenye namba, na sehemu kubwa ya namba zake ilikuwa juu ya kichwa changu, imekauka, ina ukoko wa tope. Chini yake mvuvi alikuwa amekaa juu ya mtumbwi uliolala kwenye udongo uliopasuka. Hakuvua kitu siku ile. Aliniuliza, "Baba, na ninyi maji yamewakimbia?" Nchi ilikuwa kwenye mgao. Tuliporudi, kazi yetu ilikuwa kutazama mshale wa masafa, yaani mizunguko ya umeme kwa sekunde, ambao unatakiwa ukae hezi 50. Mashine moja ikizimika, mshale unateremka, 49.7, 49.5, na wewe una sekunde chache za kuamua ni mji gani unaukatia. Nimekata hospitali zikiwamo humo. Baadaye zikaja jenereta za kukodi za mafuta, bei kali, moshi mweusi.

Sasa mfundishe mwanafunzi wako hili, maana ni jiografia tupu. Bonde la Rufiji hupata mvua zake kati ya Novemba na Mei. Nyanda za juu za Ethiopia hupata mvua kubwa kati ya Juni na Septemba. Mito yetu inapopungua, yao inajaa. Na El Niño, ambayo mara nyingi hutuletea vuli ya mafuriko huku Afrika Mashariki, huko kwao huwa na tabia ya kupunguza mvua hizo za Juni hadi Septemba. Majirani wawili wenye majira tofauti ni kama ndugu wawili wenye mashamba mabonde tofauti: mwaka mmoja akikosa, mwingine ana debe la kumkopesha. Ndiyo kusema waya huu tusiutazame kama wa kununulia tu. Rufiji ikiwa imejaa, umeme unaweza kupanda kwenda Kenya.

Kuhusu swali la binti. Chini ya Mkataba wa Paris wa 2015, kila nchi huhesabu gesijoto inayotoka ndani ya mipaka yake. Umeme wa maji wa Ethiopia ukiwaka Moshi hauna moshi wa kuandikiwa mtu. Lakini ukizima mtambo wa gesi Dar es Salaam kwa sababu yake, hesabu ya Tanzania inapungua. Tungeuza nje umeme wa gesi ya Songo Songo, moshi ungebaki kwenye daftari letu ingawa taa zinawaka kwa jirani. Ibara ya 6 inaruhusu nchi kuuziana upunguzaji huo, ila ukishauuza huruhusiwi kuujihesabia tena.

Hapo hapo pana shimo, na huyo binti aliona mbali. Uganda imeahidi kupunguza gesijoto kwa asilimia 24.7 ifikapo 2030, sisi kwa ahadi ya 2021 kati ya asilimia 30 na 35, zote zikilinganishwa na hali ambayo ingekuwapo bila hatua yoyote. Na papo hapo tunajenga pamoja bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, kilomita 1,443. Mafuta yale ni mazito kama nta, lazima bomba lipashwe moto njia nzima, na hewa ukaa ya kupasha hiyo ni yetu. Ile kubwa, ya kuyachoma mafuta yenyewe, itaandikwa huko yatakakochomwa. Kisheria hatujavunja ahadi. Anga lakini halina mipaka, na mimi sioni raha kuliita bomba lile na njia ya Isinya kwa jina moja la "ushirikiano wa nishati".

Na tusimfanye Ethiopia malaika. Sehemu ya umeme wake inatoka mto Omo, na mto huo ndio unaolisha Ziwa Turkana kwa takriban asilimia 90 ya maji yake. Wavuvi wa Turkana ni majirani pia. Mkataba wa kununua umeme ungepaswa kuwa wazi: bei ya uniti kwa dola, gharama ya kupitishia Kenya, na nani anakatiwa kwanza Ethiopia ikipata kiangazi. Kenya ilikubali senti 6.5 za dola kwa uniti na namba hiyo inajulikana. Yetu nayo niisome gazetini kama wenzetu walivyoisoma yao.

Darasani, wape karatasi mbili za grafu: mvua ya Iringa kwa miezi kumi na miwili, na mvua ya Addis Ababa. Wazichore kwa kipimo kimoja kisha wazibandike moja juu ya nyingine dirishani, penye mwanga. Huyo binti akishachora, nitumie nakala kwa anwani ya jarida.