Nguvu ya mawimbi na ubora wake ni vitu viwili
Ndugu, umeuliza kwa nini king'amuzi kinaonyesha nguvu 90 huku picha inakatika. Nguvu ni wingi wa mawimbi yanayoingia, pamoja na kelele zake. Ubora ndio unaosema data inasomeka kwa usafi gani, na huo ndio wa kuangalia. Enzi za analojia, iliyozimwa hapa Dar 31 Desemba 2012, mawimbi yakidhoofika uliona chenga tu na mpira ukaendelea. Dijitali haina chenga: makosa yakizidi uwezo wa king'amuzi kuyasahihisha, picha inaganda viboksi viboksi, kisha giza. Geuza antena polepole, usubiri kidogo kila unaposogeza. Kagua na kichwa cha waya wa antena. Unywele mmoja wa wavu, yaani nyuzi za chuma zinazozunguka ndani ya waya, ukigusa waya wa kati, utahangaika bure na antena.