Pawa: kabla hujashika fomula, uliza muda

Wadogo zangu mnaoanza fizikia huku kusini, topiki ya kazi, nishati na pawa inaangusha wengi na wala sio hesabu ngumu, ni kugawanya tu. Shida ni kwamba mtu anaingia kwenye pepa pawa na nishati anaziona kitu kimoja, nimefundisha tuisheni na karibu kila anayekosa anakosea hapo hapo.

Chukua maji ya Newala. Mji upo juu kabisa kwenye uwanda wa Makonde, maji yanatoka chini bonde la Kitangari, kwa hiyo lazima pampu iyapandishe. Tuseme kwa mfano lita 1000, yaani kilo 1000, zinapanda mita 200. Zidisha 1000 mara 10 (mvutano wa dunia, niutoni kwa kila kilo) mara 200, jouli milioni 2. Hiyo ndo kazi, yaani nishati yale maji yaliyopewa, na haibadiliki, iwe pampu kubwa, iwe ndogo, au wakina mama wayabebe kwa ndoo mpaka jioni, yale maji yamepandishwa kwa kazi ileile. Pawa ni kazi gawanya kwa muda. Sasa pampu inayomaliza kwa sekunde 100 pawa yake ni wati 20,000, inayotumia sekunde 1000 ni wati 2000. Kazi moja, pawa mbili tofauti. Ukilielewa hili vizuri topiki umeimaliza nusu.

LUKU, ule umeme wa kulipia kabla, nayo hivyo hivyo. Unit 1 ni kilowati-saa 1, unazidisha pawa kwa muda, hugawanyi!! kwa hiyo unit ni nishati, sio pawa, sawa na jouli milioni 3.6. Pasi ya wati 1000 ikiwaka mfululizo saa 1 inaila yote, taa ya wati 10 itakaa nayo masaa 100.

Alafu kuna P = Fv (pawa ni fosi mara spidi) ambayo wengi wanaikariri bila kujua inatoka wapi. Kazi ni fosi mara umbali, ukigawa umbali kwa muda unapata spidi, basi. Angalia lori limejaa korosho linapanda mlima, injini ikishafika mwisho wa pawa yake, tuseme wati 200,000, na mlima unadai fosi ya niutoni 20,000, litaenda mita 10 kwa sekunde, mlima ukizidi ukadai 40,000 litaenda mita 5 tu. Ndo maana dereva anashusha gia, apate fosi kubwa, na spidi anaiachia.

Kwenye maswali badilisha dakika kuwa sekunde kwanza, na kilo usiziache hivyo, zidisha kwa 10 zije niutoni. HP 1 (hospawa, kipimo kingine cha pawa) kwenye pampu za dukani ni kama wati 746.

Shuleni kwenu kama kuna ngazi za ghorofa pimeni kimo chake, mmoja apande anatembea, arudie anakimbia, mwingine ashike saa, uzito wake mnaujua, alafu kokotoeni pawa zote mbili.