Ukimbie kwanza au unyanyue kwanza? Namjibu mdogo wangu wa Lindi

Mdogo wangu wa Lindi ameuliza swali ambalo hapa Mtwara tumewahi kununiana kwa ajili yake. Anasema anatoka kazini saa 10 jioni, ana dakika 90 tu za mazoezi, anataka mapaja na kifua vijae, tumbo lipungue, na kila Jumamosi anachezea timu ya mtaani kwao. Wenzake wamegawanyika. Mmoja kamwambia akimbie kwanza ili mwili ufunguke, mwingine kamwambia aanze na vyuma kwa sababu mbio zitamla nguvu. Ameomba ajibiwe na mtu aliyejaribu njia zote mbili. Mimi nimezijaribu, na ile isiyonifaa niling'ang'ania muda mrefu mno, kwa hiyo mniwie radhi kwa urefu wa jibu.

Kwa malengo uliyotaja, mdogo wangu, anza na vyuma, mbio zifuate. Na siku ya miguu usikimbie kabisa kama unaweza kujizuia.

Mimi ni fundi wa kuchomelea, nina miaka 41, na vyuma nilianza 2009. Jimu yetu ilikuwa uwanja wa nyumba ya rafiki yangu huko Magomeni, chini ya mwembe. Bomba nililikata mwenyewe, na uzito tuliutengeneza kwa makopo ya rangi tuliyoyajaza zege. Kopo la lita 4 likijaa zege linakaribia kilo 10, ila kopo na kopo hayalingani. Lenye kokoto nyingi linazidi, lenye mchanga mwingi linapungua, na ukiyafunga huku na huku bomba linalala upande mmoja. Tuliyapeleka yote kwenye mizani ya kupimia korosho, tukaandika kilo za kila kopo kwa rangi nyekundu. Naona watu wengi wanaruka hatua hii. Kama hujui unanyanyua kilo ngapi, hutajua kama unapanda au umekwama, na ubishi wa mbio kwanza au vyuma kwanza hautaisha, kwa sababu kila mtu atasema anavyojisikia. Mimi nilikuwa na daftari, na daftari ndilo lililonifungua macho.

Mwaka 2012 nilikuwa wa mbio kwanza. Nilikuwa nafunga karakana, nakimbia mpaka ufukweni Shangani na kurudi, dakika 40 hivi, halafu naingia kwenye vyuma nikiwa nimelowa. Nilijisikia mtu wa mazoezi kweli. Lakini daftari lilikuwa linasema jambo jingine. Kuchuchumaa na bomba mabegani nilikwama kwenye kilo 70, mara 5, kwa miezi 7. Sikusogea hata kilo moja. Kwenye benchi, yaani kulala chali na kusukuma bomba juu, nilikuwa napanda polepole, kutoka kilo 55 mpaka 65. Kifua kinapanda, miguu imegoma, na mtu ni yuleyule, chakula kilekile. Nililaumu ugali, nikalaumu usingizi, nikalaumu kazi ya kusimama kutwa. Barabara sikuilaumu hata siku moja, kwa sababu niliamini mbio haziwezi kumdhuru mtu.

Jioni moja ya Januari, kwenye mara ya nne, magoti yakaingia ndani na nikashindwa kuinuka. Wenzangu wawili walidaka bomba huku na huku. Sikuvunjika, lakini goti la kushoto lilinisumbua wiki 3, na katika wiki hizo nilipata muda wa kusoma daftari langu kuanzia ukurasa wa kwanza. Siku chache ambazo mvua ilinizuia kukimbia ndizo siku ambazo miguu ilikuwa na nguvu. Zilikuwa zimeandikwa pale muda wote.

Nilipopona nikageuza. Vyuma kwanza, mbio baadaye, na siku ya miguu hakuna mbio. Chakula sikubadilisha. Wiki ya pili nilifika kilo 75, na baada ya miezi 3 nilikuwa kwenye 90, mara 5. Sitaki mtu asome hapa aone miujiza. Sehemu kubwa ya zile kilo haikuwa misuli mipya. Ilikuwa nguvu niliyokuwa nayo tayari, nikaimwaga barabarani kila jioni kabla sijaligusa bomba. Misuli yenyewe ilikuja baadaye, kwa sababu sasa miguu ilikuwa inabeba uzito wa kuilazimisha ikue. Mbio zangu zilizorota kwa mwezi hivi, maana nilikuwa nakimbia nimechoka, halafu zikarudi.

Kwa nini iwe hivyo? Misuli ina akiba yake ya sukari, glaikojeni, na ukiitumia barabarani dakika 40 unafika kwenye chuma akiba imepungua na miguu imechoka. Unaweza kukimbia umechoka; utapunguza mwendo tu, barabara haikudai kitu. Chuma cha kilo 90 hakipunguzi uzito kwa kukuhurumia. Ukikifikia umechoka, ama unapunguza kopo, ama unanyanyua kwa mkao mbovu, na mkao mbovu ndio unaoumiza mgongo na magoti.

Halafu kuna joto letu la pwani, ambalo washauri wa kwenye video za nje hawalijui. Mwili unapoa jasho linapokauka. Jasho linalodondoka chini halikupozi. Kati ya Desemba na Machi hewa ya hapa imejaa unyevu wa bahari, unalowa mpaka soksi lakini halikauki, joto linabaki ndani, na moyo unafanya kazi mbili, kupeleka damu kwenye misuli na kuipeleka kwenye ngozi ipoe. Msimu mmoja nilienda Newala kuchomelea milango ya ghala la korosho, nikakaa wiki kadhaa. Kule juu kwenye uwanda wa Makonde jioni ina ubaridi, na dakika 40 zilezile zilikuwa zinaniacha na pumzi ya akiba. Nikirudi Mtwara, dakika 40 zinanimaliza. Kwa hiyo mtu wa Lindi au Mtwara anayekimbia kabla ya vyuma analipa zaidi kuliko mtu wa bara penye baridi. Lindi mna na vile vilima vya juu ya mji, vinavyokamua mapaja hata kabla hujafika kwenye chuma.

Wataalamu nao walishaliangalia jambo hili zamani. Mwaka 1980 mtafiti wa Marekani, Robert Hickson, alitoa utafiti wa wiki 10 wenye makundi matatu: wanaofanya mazoezi ya nguvu tu, wanaofanya ya pumzi tu, kama kukimbia, na wanaofanya yote. Kilichomsukuma kilimtokea yeye mwenyewe. Alikuwa mtu wa vyuma, akaanza kukimbia na bosi wake, akaona mwili na nguvu vinapungua. Kwenye utafiti, kundi la yote lilipanda nguvu ya miguu vizuri wiki za mwanzo, kisha likasimama, na wiki za mwisho likaanza kushuka, wakati kundi la vyuma tu liliendelea kupanda. Upande wa pumzi, wale wa yote hawakupoteza kitu. Nilipolisoma hilo nilikumbuka daftari langu. Ila msiogope kupita kiasi, maana watu wale walikuwa wanafanya nguvu siku 5 na pumzi siku 6 kwa wiki, tena kwa ukali. Kijana anayekimbia mara 2 au 3 hayuko huko. Nyongeza ndogo: mbio huingilia nguvu ya miguu kuliko baiskeli, kwa sababu kila hatua unatua na uzito wako na misuli inapigika. Ukiwa na baiskeli nyumbani, itumie.

Sasa hoja ya tumbo, maana najua kuna mtu atasema vyuma vikitangulia sukari inaisha, ukikimbia baadaye unachoma mafuta matupu. Nililiamini hilo miaka mingi. Ni kweli kwamba sukari ikipungua mwili unatumia mafuta kwa sehemu kubwa zaidi wakati ule wa mbio. Lakini mwili unaendelea na hesabu zake usiku na kesho yake, na kitambi hakijali ulianza na kipi. Kinajali umekula kiasi gani na umetumia kiasi gani kwa wiki nzima. Mdogo wangu, tumbo lako litapungua kwa kupunguza soda na chapati za usiku, kwa kuendelea kufanya mazoezi yote mawili, na kwa kutoacha baada ya mwezi. Vyuma kwanza nakushauri kwa ajili ya mapaja na kifua.

Yule mwenzako anayesema mwili ufunguke naye hakukosea. Kosa ni kuita kupasha misuli "kukimbia". Kupasha ni dakika 5 mpaka 10: ruka kamba, tembea haraka, chuchumaa bila kitu, kisha chuchumaa na bomba tupu, kisha nusu ya uzito. Unatakiwa umalize ukiwa umeanza kutoka jasho na bado unaweza kuongea bila kuhema. Hiyo haikuli nguvu, na bila hiyo usiguse chuma kizito. Nadhani nusu ya ubishi wa vijiweni ungekwisha kama watu wangetenganisha mambo haya mawili.

Kuna watu ambao ningewaambia kinyume. Anayejiandaa kwa mbio ndefu, au kijana anayejua usaili wake utampima kwa kukimbia, huyo akimbie kwanza akiwa mbichi na vyuma viwe vya kusaidia tu. Kitu unachotaka kikue kipewe miguu isiyochoka, na wewe ulichotaja kwanza ni mapaja na kifua.

Na kuna watu ambao mpangilio hauwahusu hata kidogo. Shemeji yangu ana presha, anatembea jioni na kunyanyua dumu za maji za lita 5, na siku moja aliniuliza kwa wasiwasi kama amekuwa anakosea. Nilimwambia hakosei. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 mpaka 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, na mazoezi ya nguvu siku 2 au zaidi. Akizitimiza kwa mpangilio wowote amefanya jambo kubwa. Mwenye presha aongee kwanza na daktari wake, na akinyanyua asibane pumzi, kwa sababu kubana pumzi chini ya uzito kunaipandisha presha ghafla.

Kwa ratiba yako ningefanya hivi. Jumatatu miguu, peke yake, dakika 60, kisha nyumbani. Iwe Jumatatu ili miguu iwe imepona Jumamosi mpira ukifika. Nimewahi kuchuchumaa Alhamisi na kuingia uwanjani Jumamosi na miguu ya mbao. Jumatano mbio tupu, dakika 30 au 40, na kama joto ni kali ungojee jua lishuke. Alhamisi kifua, mgongo na mikono, halafu ukimaliza kimbia dakika 20 kwa mwendo wa kuongea. Hapo mbio hazina madhara makubwa hata ukizitanguliza, kwa sababu kifua hakikuwa barabarani, lakini mimi bado naziweka mwisho. Ijumaa pumzika. Mpira wa Jumamosi ni mazoezi ya pumzi tosha, usiongeze kitu. Na ikitokea wiki umepata asubuhi huru, kimbia asubuhi na unyanyue jioni. Pengo la saa 6 au zaidi katikati, pamoja na chakula na maji, linasaidia sana.

Usiingie kwenye chuma na njaa ya kutoka kazini. Ndizi 2 au kipande cha muhogo wa kuchemsha na maji, nusu saa kabla, vinatosha. Usiku, ugali wa muhogo ni nguvu, lakini una protini kidogo mno, kwa hiyo pembeni kuwe na samaki au dagaa, au kunde, au mbaazi, na viwe vingi kuliko mchuzi wa kulowanishia. Huku kwetu bahari iko mlangoni, na bado naona vijana wanatafuta unga wa protini wa kopo wa bei ya kutisha huku dagaa wako sokoni.

Ramadhani mimi huacha kabisa kukimbia kabla ya futari, maana bila maji joto hili si la kuchezea. Nanyanyua baada ya tarawehe, uzito wa wastani, na mbio zinasubiri Idi. Sijawahi kupoteza nguvu ambayo haikurudi ndani ya wiki 2.

Kabla hujabadilisha chochote, leo jioni pima makopo yako, andika unachuchumaa na kilo ngapi mara ngapi, na dakika zako za kukimbia njia uliyoizoea. Fanya hivi wiki 8, kisha rudi na namba zote mbili, za kabla na za baada. Nitakuwa nazisubiri, na kama miguu itakuwa imegoma tutafungua daftari lako pamoja tuangalie ilipotokea.