Maswali ya Wasomaji: Maneno ya Kiingereza Yanayosikika Sawa

SWALI: Mpendwa Mhariri, binti yangu mwenye umri wa miaka tisa husoma Kiingereza vizuri, lakini akiandika huchanganya “their” na “there”, “to” na “too”, “write” na “right”. Niliyaandika maneno hayo kwa jozi, nikaibandika karatasi ukutani, na kila jioni huyakariri kwa sauti. Naona sasa anayachanganya kuliko awali. Nimekosea wapi?

JIBU: Mzazi mwenzangu, binti yako si mvivu wala si mzito wa kuelewa, kasoro iko kwenye karatasi hiyo. Maneno mawili yasiyotofautiana kwa sauti yakikaririwa pamoja kila siku, mtoto hushika kwamba yanakwenda pamoja, lakini hashiki lipi ni lipi, na anapofika katikati ya sentensi yanamjia yote mawili kwa mpigo. Ibandue. Chagua neno moja, tuseme “there”, ukae nalo wiki nzima bila kumtaja mwenzake hata kidogo, na umkutanishe nalo akiwa pamoja na jamaa zake wa maana badala ya jirani zake wa sauti.

Jamaa za “there” ni “here” na “where”, yaani pale, hapa na wapi. Mwambie binti yako ayaandike maneno hayo matatu ya Kiswahili, kisha atafute konsonanti inayojirudia. Ataiona “p” katika yote. Sasa ayaandike yale ya Kiingereza, moja chini ya jingine, na apige mstari chini ya “here” iliyojificha ndani ya kila moja. Mtoto aliyegundua jambo hilo kwa kalamu yake mwenyewe hahitaji kukaririshwa, kwa kuwa amekwisha kuona kwamba neno la mahali hubeba alama ya mahali.

“Their” lisubiri mpaka “there” litulie, nalo lipimwe kwa Kiswahili: ikiwa mahali pake panakubali chao, lao, vyao au yao, basi ndilo lenyewe. “Too” hupimwa kwa “pia” na “mno”, na “two” lina ndugu wengi ambao bado wanaitamka ile “w” iliyonyamaza ndani yake, kama “twin”, “twice” na “twenty”. “Hear” lina “ear” ndani yake, yaani sikio, na sidhani kama kuna la kuongeza hapo.

Namna ya kusahihisha nayo ina uzito wake. Tuseme ameandika: “I left there bag over their.” Ukilikata kosa kwa wino mwekundu na kuandika jibu juu yake, atanakili jibu na kusahau sababu. Muulize, “Begi la nani?” Atajibu, “Lao.” Muulize tena, “Uliliacha wapi?” Atajibu, “Pale.” Halafu nyamaza. Mara nyingi utaona penseli inarudi yenyewe kwenye sentensi, kwa maana mtoto hakukosa ujuzi wa maneno hayo. Alichokosa ni kituo kidogo cha kujiuliza maana kabla ya kuandika sauti. Programu ya kompyuta inayosahihisha tahajia haimsaidii sana katika hili, kwa sababu maneno yote mawili yameandikwa sawasawa na kilichokosewa ni mahali tu.

Akikuuliza kwa nini Waingereza wamejitesa hivyo, mjibu, kwani watoto wa umri wake hupenda visa vya namna hiyo. Kiswahili huandikwa kwa kufuata matamshi, na tatizo letu ni la upande wa pili, kwa kuwa sauti na maandishi huwa kimoja lakini maana ni nyingi: paa ni mnyama, ni sehemu ya nyumba, na ni kitenzi cha kwenda juu. Kiingereza nacho kiliacha maandishi nyuma wakati sauti zinahama. William Caxton alipoanzisha uchapaji nchini Uingereza mwaka 1476, tahajia ilianza kuzoeleka, ilhali irabu ziliendelea kubadilika kwa vizazi kadhaa baada yake. “Meet” na “meat” zilitamkwa tofauti. “K” ya “knight” ilisikika, na “gh” yake ilikuwa karibu na “kh” yetu. Mara nyingi herufi inayoonekana haina kazi leo ni unyayo wa sauti iliyopita.

SWALI: Mimi ni mwalimu. Wanafunzi wangu huandika “leave” mahali pa “live”, na “hat” mahali pa “hut”. Je, hizi nazo ni homofoni, yaani maneno yanayotamkwa sawa lakini yenye maana tofauti?

JIBU: La, Mwalimu, ingawa kwa masikio yetu zinafanana. Kiswahili kina irabu tano, na Kiingereza kina sauti za irabu nyingi zaidi ya hizo, kwa hiyo “hat”, “hut” na “heart” zote huangukia kwenye “a” yetu moja. Homofoni halisi hutenganishwa kwa jicho na maana, lakini hizi dawa yake ni sikio, na ukizifundisha kwa mbinu nilizoeleza hapo juu utachoka bure. Chora kofia, kibanda na moyo ubaoni, mwanafunzi asikilize neno likitamkwa kisha aonyeshe picha kwa kidole, bila kuandika chochote kwa siku za mwanzo. Ikiwa nawe matamshi yako hayazitenganishi, jambo ambalo si aibu, tumia sauti zilizorekodiwa kwenye kamusi za intaneti, ukae upande wa wanafunzi na uonyeshe kidole pamoja nao.